Mdhamini wa Madam Agatha

Siku Agatha Hhando alipomwambia mumewe kwamba ameamua kuomba shahada ya uzamili, Hermani alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe, anakamua. Hakugeuka. Aliuliza tu kama hiyo masta inaliwa na ugali au na makande. Ng'ombe ndiye aliyerusha teke, na Agatha akasema afadhali huyo ana maoni ya maana.

"Mimi sina neno, Mama Festo," Hermani alisema huku akiiokoa ndoo. "Nauliza tu. Una stashahada, una digrii. Ukiongeza ya tatu, watoto wa Endasak watafaulu kemia?"

"Hawatafaulu."

"Sasa?"

"Sasa watafeli mimi nikiwa mbali."

Alikuwa anatania, ingawa si sana. Agatha alizaliwa Maretadu, kwa watu wa mahindi na maharage, akafundisha kemia Mbulu mjini akiwa kijana, kisha akaolewa na kuhamia huku kwenye miteremko ya Hanang, katika shule ya kata ambayo maabara yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa vifaa, maji, gesi na mlango. Hakukaa kitako akalia. Alinunua mrututu, ile dawa ya bluu ya mimea, kwenye duka la pembejeo, magadi kwa akina mama wanaoyatoa kwenye ziwa la chumvi, ndimu sokoni, na maji ya betri kwa fundi wa pikipiki. Kwa takataka hizo aliwafundisha watoto wa watu tindikali ni nini, na sketi zake mbili ziliungua kwa ajili ya elimu. Darasani alikuwa na kelele. Walimu wa vyumba vya jirani walisema wanafunzi wao wanajua kemia bila kuisoma.

Watoto hawakumchosha. Waliomchosha ni walimu. Kila mwaka aliletewa kijana mpya kutoka chuoni, na suruali iliyopigwa pasi na cheti kinachong'aa, ambaye maishani mwake hajaona kitu kikibadilika rangi isipokuwa shati la mtumba. Agatha alikaa naye, akamnyoosha, akamwonyesha jinsi ya kushika chupa bila kujimwagia, na mara tu alipoanza kunyooka, kijana akahamia Babati. Mwaka uliofuata akaletwa mwingine, amepinda vilevile. Agatha akaamua kwamba dawa ni kwenda huko wanakopindia, kwenye chuo cha ualimu, awakamate mapema. Alikwenda kuuliza. Akaambiwa bila masta hapati darasa pale.

Ndiyo hiyo aliyoitaka, wala hakutaka kuitwa jina lolote kubwa. Hata hivyo muda ulikuwa unamkimbia. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, watu wa pande zile walikuwa wameona kila kitu kikishushwa kutoka kwenye malori: mitumba, redio za Kichina, maji ya chupa, vocha. Mwisho zikashushwa shahada. Mkoa wa Manyara wenyewe ulikuwa bado mbichi, ofisi za Babati zinanuka rangi, na tayari kila mwenye kiti cha kuzunguka alikuwa na masta au alikuwa njiani kuifuata. Vyuo viliota kila mahali. Hiki alichokipata Agatha kilikuwa kimefunguliwa ndani ya kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, kwenye mji wa mbali ambao hakuwahi kufika, na tangazo lake lilimfikia likiwa limefungia dagaa. Alilikausha juani, akalisoma huku paka akimzunguka. Lilisema kuna nafasi moja ya ufadhili kamili kwa mwalimu wa sayansi wa kijijini, asiyezidi umri wa miaka arobaini na mitano.

Agatha alikuwa na arobaini na mitano. Mwakani tangazo hilo lingekuwa la kufungia dagaa tu.

Akaanza safari za Katesh. Picha ndogo nne zenye mandhari ya bluu, ambazo zote zilimtoa kama mtu anayetafutwa na polisi. Nakala za vyeti, mhuri wa hakimu, mhuri wa kuthibitisha kwamba mhuri wa hakimu ni wa hakimu. Yote hayo aliyamaliza bila kumtukana mtu, jambo ambalo Hermani alilisimulia kilabuni kama muujiza. Alikwama kwenye ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo ulisema: eleza uwezo wako, mafanikio yako, na kwa nini unastahili kuliko waombaji wengine.

Mwanamke huyu, ambaye aliwahi kumwambia mkaguzi wa shule atoke darasani kwa kuwa anazuia mwanga, alikaa na karatasi ile Jumamosi nzima. Aliandika, "Najitahidi." Akaona amejisifu mno, akafuta. Akaandika, "Watu wanasema si mbaya sana." Hermani alipita na jembe begani, akachungulia, akasema kwa maneno hayo hata yeye asingemuoa.

Mkuu wa shule, Nikolausi, alijitolea kumsaidia. Nikolausi alikuwa kijana ambaye Agatha alimfundisha kidato cha pili kule Mbulu, akimvuta sikio kila alipoiandika fomula ya maji kwa kubahatisha. Alikwenda zake, akarudi na masta na tai tatu, akawa bosi wake. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amerudi na neno "mikakati" na hakuweza kulitua. Alimletea Agatha karatasi iliyopigwa chapa, ikianza: "Mimi ni kiongozi mwenye maono, mbunifu, ninayewasha mwenge wa mabadiliko barani Afrika."

"Huyu ni nani?" Agatha aliuliza.

"Ni wewe, Madam."

"Huyu mimi nikikutana naye njiani nampisha."

"Madam, ndivyo wanavyotaka siku hizi. Lazima ujiuze."

"Mnada ni mwisho wa mwezi, Mkuu. Nipeleke basi wanitazame meno."

Mwisho aliandika alichofanya na mrututu na maji ya betri, bila kusema kama ni vizuri au vibaya, akatia saini. Walitakiwa pia wadhamini wawili wa kumsemea. Nikolausi, kama mwajiri wake, aliandika aya sita, tano zikimhusu yeye mwenyewe. Wa pili alitakiwa awe mtu aliyewahi kumfundisha, na huyo chuo kingempigia simu, kwa sababu kilikuwa kimechoka kupokea barua ambazo waombaji wamejiandikia.

Wahadhiri wa Agatha, mmoja alikuwa amekufa na mwingine yuko Botswana, na wote wawili hawakupatikana hewani. Alibaki Mwalimu Gidahosh, aliyemfundisha sekondari.

Gidahosh alikuwa Mbarbaig wa tambarare, wa kwanza katika ukoo wake kusoma mpaka kidato cha sita, na kwa miaka mingi alifundisha sayansi kwenye baridi ya Mbulu, akiwa na koti la suti juu na uso ambao haukutabasamu hata siku ya kufunga shule. Wanafunzi walimwogopa kuliko mitihani. Mtu akipata mia kwa mia, Gidahosh alimrudishia daftari akamwuliza kama amemaliza kufagia bweni. Hakuna aliyewahi kusikia sifa kutoka kinywani mwake. Alipostaafu alirudi kwa ng'ombe zake chini ya mlima, akavaa shuka, lakini koti akaliacha palepale juu ya shuka, na kalamu mbili mfukoni.

Kila alichojua Agatha kuhusu kufundisha alikitoa kwa mzee huyo. Kila alipomaliza kipindi kizuri, watoto wakitoka wanabishana kuhusu magadi, alijiuliza Mwalimu angesema nini. Alijua asingesema kitu. Bado alijiuliza. Alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, hata Hermani, na alikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa lakini angali anangoja kuambiwa amefanya vizuri.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya boma, anasoma gazeti la mwaka uliopita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ndiyo, Mwalimu. Mwalimu, nimeomba masta. Wanataka mtu aliyenifundisha aseme habari zangu."

"Nani anataka?"

"Chuo kikuu."

"Habari zako zinawahusu nini?"

Agatha alieleza. Alieleza kuhusu ile nafasi moja, kuhusu umri, kuhusu vijana waliopinda na jinsi anavyotaka kuwakamata chuoni. Alieleza kirefu, jasho likimtoka, akiwa amesimama mikono nyuma kama kidato cha kwanza. Gidahosh alikunja gazeti.

"Utaenda mbali?"

"Miaka miwili tu, Mwalimu."

"Wapige. Mimi siogopi simu."

Siku ya simu ilikuwa Jumatano asubuhi. Mtandao pale tambarare ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe ambalo watu walilibatiza Posta, na kwa hiyo jiwe halikosi watu: wanaume wenye mifugo wanaongea na wachuuzi wa Katesh, kila mmoja akipiga kelele ya bei yake kana kwamba simu ni ya urembo tu. Agatha alikuja na simu yake iliyojaa chaji. Hermani alikuja naye kwenye bodaboda ileile, akisema anamsindikiza, lakini ukweli ni kwamba asingelikosa jambo lile hata kwa kulipwa. Gidahosh alikuwa tayari juu ya jiwe, koti limefungwa vifungo vyote.

Simu iliita. Sauti ya mwanamke ikajitambulisha kuwa ni Daktari Irene wa kamati ya uzamili, ikaomba mwombaji asiwepo karibu ili mdhamini aseme kwa uhuru.

"Ondoka," Gidahosh alimwambia Agatha. Akaondoka, akazunguka nyuma ya jiwe. Kwa kuwa sikio la mzee lilikuwa zito, Hermani aliiweka simu spika, na usiri wa kamati ukasikika mpaka kwenye josho.

"Mzee, unamfahamu mwombaji tangu lini?"

"Tangu hana akili."

Wanaume wa Posta walikata simu zao mmoja mmoja wakasogea. Hii ilikuwa bora kuliko bei ya mbuzi.

"Na uwezo wake kitaaluma unauonaje?"

"Si mbaya. Wapo wabaya zaidi."

"Uongozi?"

"Ana kelele."

"Udhaifu wake ni upi?"

Hapo Gidahosh alikohoa, akakaa vizuri, akafunguka. Alisema Agatha ni mbishi. Alisema ana haraka, mwandiko wake unaumiza macho, na aliwahi kuunguza meza ya shule akaificha kwa kitambaa. Alisema hasikii la mkubwa wala la mdogo. Nyuma ya jiwe Agatha alisimama mdomo wazi. Alijisikia kama mtoto anayevuliwa nguo sokoni.

"Mzee, kwenye fomu yangu nina bora kabisa, bora sana, nzuri, wastani na dhaifu. Nimweke wapi?"

"Wastani," alisema Gidahosh. "Andika wastani."

"Kwa hiyo humpendekezi?"

Upepo ulivuma kutoka mlimani, simu ikatoa mlio wa kukwama, na Daktari Irene akapotea.

Agatha alitoka nyuma ya jiwe. Tangu azaliwe hakuwahi kumpandishia sauti mtu aliyemwamkia shikamoo, na wanaume wa Posta, waliokuwa wanatabasamu, waliacha kutabasamu.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Umeniua! Nimekuja kwako kwa sababu sina mwingine. Nafasi ni moja, Mwalimu. Moja! Na mwaka ni huu. Wenzangu wanasemewa kwamba wanawasha mwenge barani Afrika, mimi nasemewa nimeunguza meza!"

"Uliiunguza."

"Niliiunguza! Lakini hakuna kingine? Miaka yote hii, hakuna hata kitu kimoja?"

Gidahosh alimtazama kwa mshangao wa kweli. Akawaonyesha wale wanaume kwa kidole, akaonyesha na simu.

"Wewe una wazimu? Mbele ya hawa wote? Na huyo mwanamke simwoni hata uso, sijui ni mtu wa wapi, sijui jicho lake. Mtu akija bomani kwako akauliza ng'ombe wako mzuri anatoa maziwa kiasi gani, utamwambia ndoo imejaa? Kesho kiwele kimekauka. Unamwambia huyo ni mgonjwa, huyo anapiga mateke, ndama wake amekonda. Unamfunika. Mimi nimekufunika tangu ukiwa mtoto. Leo nikufunue kwenye spika?"

Mmoja wa wanaume akaitikia kwamba mzee amesema sawa kabisa. Hermani, ambaye huwa ana neno kwa kila jambo, alitazama viatu vyake, kwa sababu yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa amemwambia jirani kwamba vitunguu swaumu vyake vimeoza, wakati havina hata doa.

Agatha alikuwa bado na hasira, ila hasira ilikosa mahali pa kukaa. Alijua. Wairaqw wa Maretadu hawakuwa tofauti na Wabarbaig kwa hilo. Alipofaulu kwenda sekondari mama yake alizunguka kijijini akilalamika kwamba mtoto amemletea balaa la kununua godoro, na yeye mwenyewe Jumamosi ile alikuwa ameshindwa kuandika hata mstari mmoja mzuri kuhusu nafsi yake. Walikuwa wamekosea kosa moja, yeye na mwalimu wake, na yeye ndiye aliyefundishwa na huyo.

"Mwalimu," alisema, sauti imeshuka. "Kule kwao siyo hivyo. Kule asiyesifiwa hana kitu."

"Basi hao ni watu wa hatari. Unaenda kwao kufanya nini?"

"Nataka kufundisha walimu. Nimekuambia."

"Wanataka niseme uongo?"

"Sema ukweli, Mwalimu. Hata kidogo."

"Ukweli wa namna hiyo hausemwi juu ya jiwe."

Simu ikaita. Agatha hakuzunguka nyuma tena. Alikaa chini palepale, amechoka, akaweka kichwa magotini. Alijua imekwisha. Aliwaza jinsi atakavyomwambia Nikolausi, na jinsi Nikolausi atakavyomwambia kuhusu mikakati.

"Mzee, tulikatika," ilisema sauti ya Daktari Irene, kavu kidogo sasa. "Nimalizie tu. Unapendekeza tumchukue, ndiyo au hapana?"

Gidahosh hakuharakisha. Alimtazama Agatha pale chini, akatazama ng'ombe zake, akamtazama tena.

"Hapana," alisema. "Msimchukue."

"Asante sana mzee kwa mu..."

"Ngoja. Sijamaliza. Kwa nini mnamtaka huyo? Mimi nimefundisha watu wengi. Chukueni wengine. Kuna Nikolausi, naye alipitia kwangu, mlishamchukua, mkamrudisha vilevile, mchukueni tena. Chukueni wawili wawili. Huyu mwacheni hapa."

Sauti ya kwenye simu ikaja tofauti, imesogea karibu.

"Mzee, umeniambia ni wa wastani."

"Ni wa wastani. Mwacheni."

"Kama ni wa wastani, mbona unamng'ang'ania?"

"Mama, wewe una maswali mengi."

"Ndiyo kazi yangu. Akija kwetu, wewe utapungukiwa na nini?"

Wanaume wa Posta walielewa kabla ya mtu yeyote kuwaambia. Mmoja akageuka akaanza kufokea mbuzi ambao hawakuwa wamefanya kitu. Mwingine akapiga mluzi. Hermani akashikwa na kikohozi kikubwa cha ghafla, cha kujipigapiga kifua, na akaendelea nacho kwa nguvu zake zote, ili lile linalotaka kusemwa lisemwe katikati ya makelele, pasiwe na sikio la kulishika. Gidahosh aliinama mpaka midomo yake ikagusa simu. Aliongea kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini.

"Mimi ni mzee. Nikilala pale ndani, usingizi hauji, najiuliza nilifanya nini duniani zaidi ya kuchapa watoto wa watu. Sina jibu. Basi nakumbuka kwamba huyo yupo huko juu Endasak, asubuhi ataingia darasani. Nalala. Sasa mkimchukua, mimi nitalalaje?"

Agatha aliinua kichwa.

Mtu aliyekuwa na Daktari Irene chumbani huko mbali alisikika akiuliza kitu, naye akamwambia anyamaze.

"Mzee," alisema, "utanisamehe. Nitaiambia kamati imchukue."

"Nilijua tu," alisema Gidahosh. "Wezi nyinyi."

Akakata simu kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anavyoua kupe.

Kamati ilikaa mwezi uliofuata na ikamchukua. Agatha alikwenda kwenye kile kiwanda cha pamba, akalala bweni moja na wasichana wa umri wa mwanawe, akagombana na mhadhiri wiki ya kwanza kuhusu jinsi ya kuzimua tindikali, akamaliza. Leo yuko chuo cha ualimu, na vijana wanaotoka mikononi mwake wanafahamika kwa makovu madogo ya vidole na kwa kuongea kwa sauti kubwa. Nikolausi anasema ilikuwa mikakati. Hermani alijifunza kupika makande ya mtu mmoja, kisha akawa anayasimulia kilabuni kupita kiasi.

Lakini asubuhi ile juu ya Posta hakuna aliyejua hayo. Mbuzi walikuwa wametawanyika kwa kufokewa bure. Kikohozi cha Hermani kilikuwa kimekuwa cha kweli, na mtu alikuwa anampa maji. Gidahosh alimrudishia Agatha simu bila kumtazama, akafungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena.

Agatha alisimama mbele yake. Alitaka kusema asante, lakini asante ingemaanisha amesikia, na ikiwa amesikia basi mzee atakuwa amesema, na akiwa amesema atarudi nyumbani na hofu ya jicho la watu. Mwanamke aliyekuwa na neno kwa wakaguzi, kwa mahakimu na kwa ng'ombe alitafuta neno, akalikosa. Walikuwa wameshaamkiana tangu alipofika.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema.

Gidahosh aliangalia upande wa mlima.

"Marahaba, mwanangu."